Hitilafu ya Mara Nane

Machi 2013, Wakenya wakiwa wamemaliza kupiga kura na macho yote yameelekezwa Bomas, kituo kikuu cha kujumlisha kura, kiwambo kikubwa cha Tume ya Uchaguzi kilianza kuonyesha jambo la kushtua: kura zilizoharibika zilikuwa zimepita 300,000. Watu wengi walipata maelezo ya haraka. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba ya 2010, kila mpiga kura alipewa karatasi sita, na ilisemekana kwamba wananchi wamechanganyikiwa. Sisi tunaokula jasho la kompyuta hatukuridhika na maelezo hayo.

Baadaye Tume yenyewe ilieleza. Programu ilikuwa na hitilafu iliyozidisha idadi ya kura zilizoharibika kwa nane.

Mwandika programu akisikia hivyo anauliza swali moja tu: hapa ni vitu gani vilivyo vinane? Wagombea urais mwaka ule walikuwa wanane. Yeyote aliyewahi kutunza hifadhidata anajua jinsi jambo hili linavyotokea. Una jedwali la matokeo, mstari mmoja kwa kila mgombea katika kila kituo. Una jedwali la vituo, ambamo kila kituo kina idadi yake ya kura zilizoharibika. Ukiyaunganisha majedwali hayo mawili bila uangalifu, idadi ya kituo inajirudia kando ya jina la kila mgombea, na ukijumlisha, kura 10 zilizoharibika zinageuka 80. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoisoma hitilafu ile usiku wa maelezo hayo ya Tume, na mpaka leo sijasikia dhana inayoingia akilini zaidi ya hiyo.

Tulikuwa tukiandikiana kwa barua pepe, watu waliotawanyika kutoka Ngong Road hadi Thika, wengine wakiwa ughaibuni. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ya majedwali matupu. Mmoja aliandika msimbo mfupi wa kuigiza hitilafu yenyewe, mwingine akauliza kama mfumo ulifanyiwa majaribio. Halafu mtu akauliza kwa nini haukufanyiwa majaribio, mwingine akauliza zabuni ilitolewa na nani, wa tatu akataja kabila la mtu fulani, na kufikia saa tisa usiku tulikuwa tumefika kwenye ardhi ya Bonde la Ufa. Hapo, kama ilivyo ada, akajitokeza mwenzetu mmoja kuomba turudi kwenye kazi na siasa tuwaachie wenyewe.

Nimelisikia ombi hilo katika maisha yangu yote ya kazi. Linatolewa na watu waungwana, wenye nia njema, waliochoshwa na matusi. Nalikataa, na historia ya kazi yetu katika nchi hii ndiyo inayonifanya nilikatae. Hebu tazama ile namba nane. Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07. Je, kura iliyoharibika ni kura iliyopigwa, au si kura kabisa? Swali hilo lilifika Mahakama ya Juu, na mnamo Machi 30 majaji wakaamua kwamba kura zilizoharibika zisihesabiwe. Kwa hiyo idadi ya kura zilizoharibika, ileile iliyovurugwa na programu, ilikuwa na uwezo wa kuamua kama nchi ingerudi kwenye debe. Mwenye kuizungumzia hitilafu ile bila kuizungumzia nchi alikuwa anazungumzia nusu ya hitilafu.

Siasa ilikuwa ndani ya mashine kabla wengi wetu hatujazaliwa. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuziweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda kombo. Marufuku ile ilidumu miaka mingi, ikalegezwa polepole, na wataalamu wa Dar es Salaam waliosoma kazi hii miaka ya themanini walisoma wakijua kwamba kifaa chao cha kazi kimewahi kuwa suala la Baraza la Mawaziri. Kenya haikupiga marufuku. Kwetu mkono wa serikali ulikuwa kwenye waya. Shirika la Posta na Simu ndilo lililokuwa na laini zote, na aliyetaka kuunganisha kompyuta na dunia alipaswa kupita mlangoni pake.

Mmoja wa waliosukuma mlango huo katikati ya miaka ya tisini alikuwa Shem Ochuodho, msomi wa sayansi ya kompyuta aliyeanzisha kituo cha ARCC kilichokuwa miongoni mwa vya kwanza kuwapatia Wakenya intaneti. Mwaka 1997 Ochuodho aligombea ubunge wa Rangwe, akashinda. Wakati ule watu walishangaa mtu wa kompyuta anatafuta nini Bungeni. Ukiyajua aliyoyapitia akitafuta laini ya simu, hushangai hata kidogo.

Kisha kikaja kisa cha KIXP, ambacho kinastahili kusimuliwa kwa kila mwanafunzi wa kompyuta. Hadi mwaka 2000, ukiwa Nairobi ukamtumia barua pepe jirani yako aliye kwenye kampuni nyingine ya intaneti, barua ile ilipanda setilaiti, ikatua Ulaya au Marekani, ikageuka na kurudi Nairobi. Kampuni zililipia safari hiyo ya kwenda na kurudi kwa dola. Novemba 2000 zikakubaliana kuweka kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa mjini, kila moja ilete waya wake, barua ya Nairobi ibaki Nairobi. Muda wa kusubiri ulishuka kutoka zaidi ya sekunde moja hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Baada ya wiki mbili hivi, kituo kikafungwa. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba haki yake imeingiliwa, na Tume ya Mawasiliano ikaamuru mitambo izimwe. Wahandisi walitumia mwaka mzima na zaidi kuandika hoja, kwenda kwenye mabaraza ya rufaa na kuwaeleza wanasiasa kitu kisichohitaji kuelezwa, yaani kwamba majirani wawili hawana haja ya kusemezana kupitia London. Kituo kilifunguliwa tena Februari 2002. Watu waliokiunda walijifunza sheria ya mawasiliano ya 1998 kwa moyo, kifungu kwa kifungu, kwa sababu bila sheria hiyo waya wao ulikuwa chuma kitupu.

Mimi nilianza kazi muda mfupi baada ya hapo, enzi za saiba. Ulilipa kwa dakika. Ulikuja na disketi yenye maswali uliyoyaandika nyumbani ili usipoteze muda kufikiri ukiwa pale, ukapakua mafunzo ya PHP haraka haraka, ukaondoka. Mwenye saiba alikuwa na saa ukutani na daftari la mistari, na aliandika jina lako na dakika zako kwa kalamu. Pembeni yako palikuwa na mtu anayeandika barua ya kuomba viza, na nyuma yako mtu anayesoma Mashada.

Mashada nitaieleza kidogo, kwa kuwa vijana wa sasa hawaijui. Ilikuwa tovuti ya mazungumzo ya Wakenya, na aliyeitengeneza ni David Kobia, mwandika programu aliyekuwa akiishi Birmingham katika jimbo la Alabama. Humo palikuwa na kila kitu: mapenzi, kandanda, jinsi ya kupata kazi Marekani, namna ya kurekebisha kompyuta iliyogoma. Na palikuwa na siasa, nyingi, za maneno makali. Wakati huohuo wataalamu wa Nairobi walikuwa na kundi lao la barua pepe, Skunkworks, ambamo swali kuhusu kipanga njia cha intaneti lingeweza kuanza asubuhi na kufikia jioni likawa limegeuka kesi ya serikali nzima.

Katika kipindi hicho, kuna wachache waliofanya zaidi ya kubishana. Mwaka 2005 Ory Okolloh, mwanasheria, na Conrad Akunga, mwandika programu, walianzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia wabunge. Bunge lilikuwa na tovuti yake, lakini ilizimwa baada ya wabunge kadhaa kulalamika kwamba wasifu wao umeanikwa. Matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge hayakuwepo kabla ya 2008. Ili kujua mbunge wako amesema nini, ulihitaji kuipata Hansard ya karatasi. Wawili hao waliichukua kazi ya kupiga chapa wasemayo waheshimiwa na kuyaweka mahali ambapo mtu wa Kisii au wa Toronto angeweza kuyasoma. Kwa upande wa teknolojia hakuna muujiza pale, ni hifadhidata ya majina, maeneo bunge na hotuba. Uzito wake ulikuwa kwamba mtu aliamua ni nini kiwekwe ndani ya hifadhidata, na uamuzi huo ulikuwa wa kisiasa toka mwanzo hadi mwisho.

Kisha Desemba 27, 2007 tukapiga kura.

Sitarudia yote. Desemba 30 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, alimtangaza Mwai Kibaki mshindi, na siku hiyohiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Januari 1 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye ilihesabu vifo 1,133. Sisi tuliokuwa Nairobi tulikaa ndani, redio zikicheza muziki, simu zikiita kutoka kwa ndugu waliosema nyumba ya fulani imeungua, wengine wakisema haijaungua. Uvumi ulijaza nafasi iliyoachwa na habari.

Januari 3 Okolloh, aliyekuwa amerejea Afrika Kusini baada ya kupigia kura nyumbani, aliandika akiuliza kama kuna wataalamu wanaoweza kutengeneza ramani ya kuonyesha mahali ambapo vurugu zinatokea. Kobia akaitikia kutoka Alabama. Erik Hersman, aliyelelewa Sudan na Kenya, akaitikia. Juliana Rotich akaitikia. Ndani ya siku chache, kabla Januari haijafika katikati, Ushahidi ilikuwa hewani: ramani, fomu ya kuandika ulichokiona, na watu wa kuhakiki kwa kupiga simu kwa mashirika yaliyoko mashinani. Miaka miwili baadaye, Januari 2010, programu hiyohiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi, na kutoka hapo ikaenea duniani.

Hadithi ya Ushahidi inajulikana na imesimuliwa sana kwenye mikutano yenye kahawa nzuri. Sehemu isiyosimuliwa vya kutosha ni nyingine. Mwezi uleule ambao Kobia aliijenga Ushahidi, aliifunga Mashada. Chuki iliyokuwa ikimwagwa mle, Mkenya akimtakia kifo Mkenya mwenzake kwa sababu ya jina la ukoo, ilikuwa imepita uwezo wa mtu yeyote kuisimamia. Baada ya hapo alifungua ukurasa mwingine ulioitwa I Have No Tribe, ambapo watu waliandika kwamba wao ni Wakenya na basi. Mtu mmoja, katika majuma machache, aliufunga uwanja wa maneno alioulea kwa miaka na akafungua daftari la mashahidi.

Naliona tendo hilo kuwa kubwa kuliko Ushahidi yenyewe. Kobia hakukimbia siasa. Ukweli ni kwamba alibadilisha swali ambalo mashine inamuuliza mtu. Mashada ilikuuliza unafikiri nini, ukaandika lolote. Ushahidi ilikuuliza umeona nini, wapi, lini. Yeyote anayetengeneza fomu anachagua aina ya mazungumzo yatakayofuata, hata kama anadhani anapanga visanduku tu. Wanafunzi wa kazi hii wangesomeshwa hilo kabla ya kusomeshwa lugha yoyote ya kompyuta, tungekuwa mbali.

Majuma hayohayo, ng'ambo ya mpaka, polisi wa Dar es Salaam waliwakamata Maxence Melo na Mike Mushi, waanzilishi wa jukwaa linalojulikana leo kama JamiiForums, na kuchukua kompyuta zao. Ilikuwa Februari 2008, mwezi ambao Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sababu ya kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Melo angekuja kufikishwa mahakamani tena na tena baada ya Desemba 2016, kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama. Hapo napo kiini kilikuwa hifadhidata: nani ana ufunguo wake, na anaweza kulazimishwa kuutoa?

Miaka iliyofuata ilikuwa ya matumaini, nami nitaipita upesi. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. iHub ilifunguliwa Machi 2010 katika jengo la Bishop Magua, Ngong Road, ghorofa ya juu yenye viti vya rangi na intaneti ya kasi tuliyokuwa tukiiota. Julai 2011 Rais Kibaki alizindua mpango wa data huria, ukisukumwa na Katibu Mkuu Bitange Ndemo. Mwishoni mwa 2012 Tume ya Uchaguzi ilipotoa orodha ya vituo vya kujiandikisha ndani ya nyaraka ndefu zisizosomeka kwenye simu, David Lemayian na Simeon Oriko waliigeuza ikawa tovuti nyepesi ya GotToVote kwa kazi ya siku moja hivi. Malawi na Zimbabwe zikaiga. Tuliamini kwamba kila tatizo la umma lina wikendi yake ya kuandika msimbo.

Uchaguzi wa 2017 uliimaliza imani hiyo.

Christopher Msando alikuwa kaimu mkurugenzi wa teknolojia katika Tume ya Uchaguzi. Alijitokeza kwenye runinga na kueleza kwa utulivu jinsi KIEMS, mfumo mpya wa kielektroniki wa uchaguzi, ungefanya kazi na kwa nini matokeo hayangechezewa. Mwishoni mwa Julai, siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 8, mwili wake ulipatikana upande wa Kikuyu, nje ya Nairobi, pamoja na wa msichana. Uchunguzi wa maiti ulionyesha alinyongwa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa.

Wengi wetu tulimjua, au tulimjua anayemjua. Alikuwa mtu wa kazi yetu hasa, msimamizi wa seva, mwenye kuulizwa maswali na watu wasioelewa majibu. Usiku habari zilipothibitishwa hakuna aliyeomba turudi kwenye kazi. Mtu aliuawa akiwa na nywila za taifa kichwani.

Kilichofuata kiliifanya nchi nzima izungumze lugha yetu. Matokeo yalifika Bomas kwa namba, na picha za fomu 34A, zenye matokeo ya kila kituo, zilizopaswa kuandamana nayo hazikufika zote. Wafuasi wa NASA, muungano wa upinzani, waliimba barabarani kwamba seva zifunguliwe. Mama mboga wa Gikomba alijua seva ni nini. Mahakamani, mlinganyo wa mstari mnyoofu tuliousoma kidato cha pili ulitajwa mbele ya majaji kama ushahidi kwamba kura zilipangwa kwa kanuni. Majaji waliamuru wataalamu wa pande zote waruhusiwe kuziona seva, kwa kusoma tu, bila uwezo wa kuandika. Tume haikutii kikamilifu. Septemba 1 Jaji Mkuu David Maraga na wenzake watatu, dhidi ya wawili, waliufuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Ombi dogo kabisa la kazi yetu, la kusoma faili bila kuibadilisha, lilikuwa limegeuka jambo la kikatiba.

Sitaki mtu adhani naisifu kila hoja iliyotolewa na watu wa kompyuta. Tulitoa pia hoja mbovu, na mbovu zaidi ni zile zilizovaa suti ya hesabu. Agosti 2022 ilionyesha pande zote mbili za jambo hili, na ninaikumbuka kwa furaha na kwa hasira.

Furaha ni kwamba Tume ilifanya tulichokiomba kwa miaka: iliweka picha za fomu 34A za vituo vyote 46,229 mahali ambapo mtu yeyote angeweza kuzipakua. Ukifungua moja unaona kila kitu. Karatasi imekunjwa katikati, mwandiko ni wa msimamizi aliyechoka usiku wa manane, saba yake inafanana na moja, saini za mawakala zimebanana pembeni, na mahali pengine mhuri umeifunika jumla. Vijana waliandika programu za kuzipakua zote, wengine wakajaribu kuifundisha kompyuta kusoma miandiko ile, wengine wakagawana kaunti na kunakili kwa mikono. Watu wa miungano hasimu ya Azimio na Kenya Kwanza walikaa kwenye lahajedwali moja wakirekebishana. Sijawahi kuona mabishano ya kisiasa yenye heshima kama yale, kwa sababu kila mtu alikuwa na karatasi ileile mbele yake.

Hasira ni hii. Agosti 15 William Ruto alitangazwa mshindi, makamishna wanne kati ya saba wakajitenga na matokeo. Siku iliyofuata walieleza sababu, na mojawapo ilikuwa kwamba asilimia za wagombea zinafika 100.01. Jumlisha mwenyewe: 50.49, 48.85, 0.44, 0.23. Ni kweli zinafika 100.01. Walisema hiyo 0.01 ni kura kama 142,000. Kwa kura milioni 14.2, sehemu hiyo ni kura 1,420 hivi, na haitokani na kura yoyote bali na kukadiria desimali mbili kwa kila mgombea. Mwanafunzi wa darasa la nane angeweza kuionyesha. Nilichokiona usiku ule kilinipa moyo: waandika programu waliompigia kura Raila Odinga, mpinzani wa Ruto, ndio waliokuwa wa kwanza kuandika kwamba hoja hiyo haina mashiko. Iliwauma, na bado waliandika. Mahakama ya Juu ilipotoa uamuzi Septemba 5, ilisema pia kwamba baadhi ya kumbukumbu za seva zilizoletwa kama ushahidi zilikuwa za kughushi. Mtu fulani wa kazi yetu alikaa chini akazitunga. Huyo naye tumkumbuke.

Wakati haya yakiendelea, sheria ilikuwa imetukaribia kimyakimya. Mei 2018 Uhuru Kenyatta alitia saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikwenda mahakamani na vifungu 26 vikasimamishwa. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua sheria yote iko sawa. Wengi wetu hatukuisoma. Tulidhani inawahusu wezi wa M-Pesa.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Kelvin Onkundi, mhandisi wa programu, alitengeneza chombo cha akili bandia ambacho ungekiuliza kifungu fulani cha mswada kinamaanisha nini kwa bei ya mkate au data, nacho kikakujibu. Wengine waliutafsiri mswada kwa lugha za nyumbani. Juni 25 waandamanaji waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Ruto akakataa kuutia saini.

Mwaka uliofuata ulikuja mswada mwingine wa fedha, na Rose Njeri, mwandika programu wa Nairobi, akatengeneza ukurasa mwepesi: unausoma muhtasari wa vifungu, unabonyeza, na barua pepe ya pingamizi inakwenda kwa Bunge, kama Katiba inavyoruhusu mwananchi kutoa maoni. Mei 30, 2025 alikamatwa nyumbani kwake na vifaa vyake vikachukuliwa. Alikaa rumande wikendi yote ya Madaraka. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 16 cha sheria ya 2018, cha kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, eti kwa sababu barua zilikuwa nyingi. Juni 20 hakimu wa Milimani alisema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote, akamwachilia.

Wiki ile nilikuwa nikimwelekeza kijana mmoja kazini. Aliniuliza, "Mzee, kwa hiyo kitufe cha kutuma barua pepe ni jinai?" Nikamwambia, "Soma kifungu chenyewe, halafu tuzungumze." Alikisoma pale pale, na tulizungumza hadi ofisi ikafungwa. Tulizungumzia msimbo kwa sehemu ndogo sana.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kifungu cha 16 bado kipo. Nakuomba, wewe unayeanza kazi hii, uisome sheria ya 2018 yote kabla ya mwaka huo, uiandikie Tume ukiitaka ifanye majaribio ya mfumo wake hadharani huku muda ungalipo, na siku matokeo yatakapoanza kuingia, upakue fomu za wadi yako na kuwapa nakala watu wasiokubaliana nawe.